Mchezo wa mkasa mezani: kitabu kizuri kinajulikanaje?

Msikilizaji, mhusika wa mchezo wa redio akiukaribia mlango wenye hatari nyuma yake, utapiga kelele bure, ataufungua tu. Upo mchezo mwingine ambao neno lako lingemzuia. Unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, na huchezwa mezani kwa mazungumzo, karatasi, kalamu na dadu.

Kila mchezaji huwa mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi au mwizi. Mwenzao mmoja, msimamizi, hueleza mahali walipofika kisha huuliza: mnafanya nini? Jambo lenye mashaka huamuliwa na dadu, hasa ile ya pande 20. Msimamizi anaweza kutunga mkasa mwenyewe au kununua kitabu chenye mkasa ulioandaliwa. Vitabu hivyo ni vingi, na si vyote vinavyostahili pesa ya mtu.

Kitabu kibovu kinajulikana upesi: mwandishi ameshaamua mwisho. Wachezaji wakitaka kupatana na adui, kitabu kinataka vita, na msimamizi hubaki akiwavuta kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Jioni nzima inapita, na hakuna walichoamua wao.

Tuchukue kilicho kizuri. Ravenloft kilitoka mwaka 1983, kurasa 32 tu, kimeandikwa na Tracy Hickman na mkewe Laura. Tracy ameeleza kwamba zamani, akicheza, alikutana na maiti hai anayenyonya damu katikati ya pango, akajiuliza: huyu anafanya nini hapa? Jibu likawa Strahd, bwana wa ngome. Alimuua mdogo wake siku ya harusi kwa kumtamani bibi harusi, naye yule mwanamke akajirusha kutoka ukutani. Strahd hajaacha kumtafuta.

Kwa hiyo hakai chumbani akingoja kuuawa. Huwavizia wageni, huwashambulia, akizidiwa hutoroka. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote: msimamizi akijua adui anataka nini, hatakwama hata wachezaji wakifanya jambo ambalo kitabu hakikulitaja.

Halafu kuna karata. Mapema katika mkasa, mtabiri huwapigia wageni ramli, na karata zinazotoka ndizo huamua silaha za kumshinda Strahd zimefichwa wapi, yeye atakutwa wapi na safari hii amekusudia nini. Ukichanga karata upya, mkasa ni mwingine. Hata aliyewahi kuucheza hajui upanga uko chumba gani.

Ramani zake nazo zimechorwa ili uone jinsi ghorofa zinavyopandana. Yapo pia maelezo ya vyumba ambayo msimamizi huwasomea wenzake kwa sauti, na hapo vitabu vingi huharibu. Sisi wa redio tunaijua shida hiyo: ukipamba chumba kwa sentensi kumi mfululizo, msikilizaji ameshakwenda kuchota maji.

Mwaka 2016 mkasa huo ulitolewa upya na kupanuliwa hadi zaidi ya kurasa 200, kwa jina Curse of Strahd. Anayetaka kujaribu mchezo wenyewe atapata kanuni za msingi bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Asiye na dadu ya pande 20 aandike namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, avikunje, avitie ndani ya kofia na kuchomoa kimoja kimoja, akikirudisha kila mara.