Ukakamavu wa ini

Kijana mkakamavu husifiwa. Ini kakamavu ni habari mbaya; hata hivyo nalipenda neno “ukakamavu” kwenye majibu ya vipimo kuliko “kovu”, ambalo wengi hulitumia.

Wakati wa kupima ukakamavu huo, mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Mtaalamu hupaka jeli katikati ya mbavu na kuweka kifaa kinachogonga ngozi kidogo. Kugonga huko huzaa wimbi linalopita ndani ya ini: ini likiwa laini, wimbi hujikokota, likiwa gumu, hukimbia. Mashine hupima mwendo huo na kutoa jibu kwa kilopaskali. Kwa homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema zaidi ya 7 ni dalili ya makovu ya kutiliwa maanani, na zaidi ya 12.5 ni ya ini lililosinyaa.

Lakini kovu lenyewe mashine haikuliona. Ini lililovimba kwa maradhi, au la mtu aliyetoka kula, nalo hukakamaa. Ndiyo sababu huambiwa ukae saa tatu bila chakula.

Kichocho cha tumbo, kinachowasumbua watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, huenda kinyume. Makovu yake huizunguka mishipa ya damu, na altrasaundi huyaonyesha kama mikanda myeupe, hali ini kwingineko laweza kubaki laini. Hapo daktari ana haki ya kusema “kovu”: ameliona.