Samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni: maji ndiyo mtihani

KWA mkazi wa Isevya, mjini Tabora, samaki wa Ziwa Tanganyika ni dagaa, migebuka na kuhe wanaoletwa kutoka Kigoma kwa ajili ya kitoweo. Wachache hufahamu kwamba kuhe ni wa familia moja na sato, ambayo wataalamu huiita sikilidi, na kwamba ndugu zake wadogo wenye rangi za kuvutia hufugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya, Marekani na Japani.

Ziwa hilo lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Kutoka ziwani hadi Tabora ni njia kongwe: misafara ya Ujiji iliipita katika karne ya 19, na reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Samaki anaweza kusafirishwa kwa njia hiyo akiwa hai. Maji yake hayasafiri naye, na hapo ndipo wafugaji wengi hupata hasara.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake hukaribia 9. Mji wa Tabora kwa miaka mingi ulitegemea Bwawa la Igombe, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020 bomba la Ziwa Viktoria lilipoufikia. Maji ya Viktoria ni laini, yakiwa na madini pungufu mara kadhaa. Kwa hiyo furu, sikilidi wadogo wa Ziwa Viktoria, hukutana na maji waliyoyazoea pindi klorini inapoondolewa. Samaki wa Kigoma sharti atengenezewe maji yake.

Njia rahisi ni kuweka mawe ya chokaa ndani ya tangi na kuongeza bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo, huku pH ikipimwa. Jiwe lisilojulikana hujaribiwa kwa siki: likitoa povu, lina chokaa. Mawe ya itale yaliyotapakaa Tabora hayabadilishi maji, lakini yanafaa sana kujengea mapango ambamo samaki hawa hujificha na kuzaliana. Wapo hata wanaoishi ndani ya makombe ya konokono.

Tangi jipya halipaswi kujazwa samaki siku hiyo hiyo. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga katika chujio. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sikilidi wa Tanganyika, kwani kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Kiasi kile kile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia chaweza kuwaua hawa kwa usiku mmoja. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki, kwa maji yenye pH na joto linalokaribiana na la tangini, nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri huokoa maisha.

Chakula nacho huua. Jamii ya Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe. Wakilishwa nyama hupatwa na uvimbe wa tumbo, na mara nyingi hufa. Aidha, madume ni wagomvi, hivyo tangi la lita 50 halitoshi kundi lao.

Anayenunua amtafute muuzaji mwenye leseni, kwa kuwa uvuvi nchini husimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Samaki asiyetakiwa tena hapelekwi Igombe wala mtoni: sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.