Stonyhurst: Shule ya Wajesuiti Iliyolichora Jua

Stonyhurst, shule ya sekondari ya Kikatoliki iliyoko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ni miongoni mwa shule chache ambazo majina yao hutajwa hadi leo na wanasayansi wanaolichunguza Jua, na sifa hiyo haikutokana na uvumbuzi wa kushtusha bali na kazi ileile iliyorudiwa siku baada ya siku kwa miongo mingi. Shule hiyo ilianzishwa na Wajesuiti, yaani watawa wa Shirika la Yesu, mwaka 1593 huko Saint-Omer, ng'ambo ya bahari, kwa kuwa sheria za Uingereza ziliwakataza Wakatoliki kuwa na shule zao. Baadaye ilihamia Bruges, kisha Liège, hadi misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya Ufaransa ilipowalazimu walimu na wanafunzi kurudi Uingereza mwaka 1794 na kukaa katika jumba walilopewa na Thomas Weld, ambaye mwenyewe aliwahi kusomeshwa nao.

Mtaala wa Wajesuiti wa mwaka 1599, uitwao kwa Kilatini Ratio Studiorum, uliweka lugha za kale mbele ya kila kitu, lakini uliipa hisabati nafasi yake, jambo lililopiganiwa sana na Christopher Clavius, padri na mwanahisabati aliyeshiriki kuitengeneza kalenda ya Gregori ya mwaka 1582. Huko Stonyhurst urithi huo ulitiwa nguvu na sababu ya kidunia kabisa. Vyuo Vikuu vya Oxford na Cambridge viliwafungia Wakatoliki njia ya kupata shahada kwa kudai viapo vya dini, ilhali Chuo Kikuu cha London hakikuuliza mtu dini yake, na mwaka 1840 shule ikashirikishwa nacho. Kwa kuwa mtihani wa kujiunga na chuo hicho ulidai kemia na falsafa ya maumbile, kama fizikia ilivyoitwa wakati huo, pamoja na Kilatini na Kigiriki, vijana waliokataliwa kwingine walijikuta wakisoma sayansi ambayo shule nyingi za mabwana wakubwa ziliipuuza. Sababu hii yastahili uzito zaidi kuliko inavyopewa na wale ambao, kila Kanisa na sayansi vinapotajwa pamoja, hukimbilia kesi ya Galileo, mwanafalaki aliyehukumiwa na Kanisa.

Kituo cha falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, kilijengwa katika bustani ya shule mwaka 1838, na katika miaka ya 1860 kilichaguliwa kuwa kimojawapo cha vituo 7 vya hali ya hewa vilivyowekewa vyombo vya kujiandikia vyenyewe. Katika chombo cha namna hiyo, mwanga wa taa ulipita juu ya zebaki ya barometa na kuangukia karatasi ya picha iliyozungushwa taratibu na mtambo wa saa, hivyo kupanda na kushuka kwa kanieneo ya hewa kukaacha alama mchana na usiku bila mtu kukesha. Mabadiliko ya sumaku ya dunia nayo yalinakiliwa kwa mbinu kama hiyo.

Kazi iliyokipa kituo jina ilianza mwaka 1880 chini ya Padri Stephen Perry. Kila siku mawingu yaliporuhusu, na katika Lancashire hayakuwa mepesi kuruhusu, sura ya Jua ilipitishwa kwenye darubini na kuangushwa juu ya karatasi iliyobanwa kwenye ubao, ikiwa duara lenye kipenyo cha takriban sentimita 27, kisha mchoraji akafuatisha kwa penseli madoa ya Jua, yaani sehemu zenye ubaridi kiasi ambazo huonekana nyeusi zikilinganishwa na kando zake. Lengo mojawapo lilikuwa kuilinganisha michoro hiyo na kumbukumbu za sumaku, ili ijulikane kama kuongezeka kwa madoa kunafuatana na dhoruba zinazoitikisa sindano ya dira hapa duniani.

Perry alikuwa pia msafiri. Mwaka 1874 alikwenda visiwa vya Kerguelen, na mwaka 1882 Madagaska, katika Bahari ya Hindi, ili kuangalia Zuhura ikipita mbele ya Jua, tukio lililotumiwa kukadiria umbali kati ya Dunia na Jua. Desemba 1889, akiwa mgonjwa wa kuhara damu, alikamilisha kazi ya kupiga picha za kupatwa kwa Jua katika visiwa vya Salut, pwani ya Guiana ya Ufaransa, na siku 5 baadaye akafariki melini.

Wanafunzi walifaidika kiasi gani ni suala jingine. Arthur Conan Doyle, aliyesoma hapo kabla ya kuwa daktari na kumbuni Sherlock Holmes, aliyakumbuka masomo ya shule hiyo kuwa makavu na ya kuchosha, na ni haki kusema kwamba vipimo vya kila siku vilikuwa mikononi mwa mapadri na wasaidizi wao zaidi kuliko mikononi mwa vijana.

Kituo kilifungwa mwaka 1947, lakini vifaa vyake vya karatasi vimeendelea kutumika. Diski za Stonyhurst ni seti ya duara 8 zilizochorwa mistari ya latitudo na longitudo ya Jua, moja kwa kila nyuzi ya mwinamo kuanzia 0 hadi 7, kwa kuwa ikweta ya Jua huonekana ikiinama kwa viwango tofauti kadiri Dunia inavyolizunguka. Mtazamaji huchagua inayolingana na tarehe yake, akaiweka juu ya mchoro na kusoma mahali doa lilipo. Mfumo wa kutaja mahali ambao longitudo 0 ni mstari unaopita katikati ya uso wa Jua kama uonekanavyo kutoka duniani huitwa mfumo wa Stonyhurst, na ndio uliomo katika programu za kompyuta zinazochambua picha za Jua zinazopigwa na vyombo vya angani.