Upenu Haupangishwi

Mtu wa Dar es Salaam akikuambia anakwenda Posta, usimpe barua akutumie. Anakwenda mjini: benki, kwa wakili, kwa daktari wa macho. Barua zimehamia kwenye simu, lakini Posta ya Zamani na Posta Mpya bado ni vituo, na makondakta bado wanayaita majina hayo. Hati za mipango miji huliita eneo lote hilo "eneo la kati la biashara". Mimi ni msanifu majengo, maneno hayo nimeyaandika kwenye ripoti nyingi, na sijamsikia abiria hata mmoja akiyatamka.

Maneno ya ofisini na ya mtaani hayalingani, na jambo hilo lisingenikera kama lingeishia kwenye karatasi. Ila majengo huanzia kwenye karatasi. Chumba chenye jina kwenye mchoro hupata vipimo, hupata bei kwenye makadirio, hupata fundi. Kisichoandikwa hakuna anayekidai.

Chukua ghorofa. Kwa Kiarabu lilikuwa neno la chumba. Kwetu likapanda likawa tabaka la nyumba, halafu likawa nyumba yenyewe. Kariakoo wanasema fulani amevunja nyumba ya babu, ameshusha ghorofa. Ndiyo, ameshusha, kana kwamba lilitoka mawinguni likiwa limekamilika. Nyumba ya babu ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Ghorofa lililoshushwa mahali pake lina frem za maduka chini, stoo juu ya frem, na nyumba za kupanga juu ya stoo. Frem hupimwa hadi mwisho kabisa wa kiwanja, maana kila hatua inayoongezwa ina kodi yake, na kabla ya kodi kuna kilemba. Zamani kilemba alipewa fundi na mwanafunzi aliyehitimu, au mzee wa bibi harusi. Sasa hupewa anayeachia frem, ambaye hajakufundisha kitu wala hakupi mke.

Baraza limeliwa na frem. Neno lenyewe halikufa, limepanda cheo: tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, baraza la madiwani. Limekaa kila mahali isipokuwa mbele ya nyumba. Ushoroba nao, njia nyembamba ya kupita kati ya vyumba au nyumba, umehamia porini. Ukilisikia neno hilo redioni leo, zinazungumziwa njia za tembo, au za mizigo ya nchi jirani. Mpita njia wa Mtaa wa Msimbazi, anayesukumwa barabarani na meza za bidhaa, hana ushoroba.

Kuna istilahi moja ya kitaalamu ambayo ningependa ifutwe: "eneo la wazi". Mwambie mtu wa Dar kwamba kiwanja kiko wazi, atakuuliza bei. Neno linataja utupu, na utupu hualika mjazaji, awe mwenye gereji, mwenye baa au mwenye hati ya kutiliwa shaka. Tena utupu huo una historia yake. Waingereza walipoigawa Dar es Salaam baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye karatasi kanuni zilitaja aina za majengo tu. Watu walizisoma vizuri zaidi wakaziita sehemu hizo kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa ukanda usiojengwa, ili watu wa huku wasikaribiane na wa kule. Uwazi ule ulikuwa ukuta.

Wenyeji wakapaita Mnazi Mmoja. Jina limetaja kitu kimoja kinachosimama, na hilo limetosha kupafanya mahali. TANU ikafanya mikutano yake pale, na mpaka leo watu hukutana pale, hulala kivulini pale, huvuka pale kwenda Kariakoo. "Viwanja vya Mnazi Mmoja" ni istilahi bora ya mipango miji kuliko zote nilizofundishwa darasani.

Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza wa Tanzania, alilielewa jambo hili alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970. Hakuanza na kuta. Alipanga miamvuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli na kukinga maji ya mvua, upepo ukipita chini yake, na akachimba soko jingine ardhini. Wafanyabiashara wakapaita Shimoni, basi, jina likaisha. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na nilishangaa jinsi mazungumzo yalivyogeukia haraka idadi ya maduka ya kuongezwa. Mwamvuli si duka, kwa hiyo ulikosa wa kuusemea.

Lamu wangekuwa na neno. Mle mna daka, kibanda cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambamo mgeni hukaa kabla ya kukaribishwa ndani. Mna wikio, chumba kilichojengwa juu ya mtaa kuunganisha nyumba mbili, na anayepita chini hupata kivuli bila kumwomba mtu. Mji wenye maneno hayo ulijua kwamba mwenye nyumba ana deni kwa mpita njia. Sitaki kuwapamba, maana mitaa ya Lamu ilichorwa kwa punda na haiwezi kuazimwa ilivyo. Lakini baadhi ya majengo ya zamani ya Posta nayo yalirudisha nyuma tabaka la chini, yakasimama kwa nguzo, ukatembea kavu wakati wa masika.

Sehemu ile nimeanza kuiandika "upenu" kwenye michoro yangu. Mafundi wanalijua, wala hakuna waziri aliyelichukua. Mwenye kiwanja mmoja alipoliona aliuliza kama upenu unapangishwa. Nikamwambia haupangishwi, ila mvua ikinyesha wateja wote wa mtaa watakimbilia kwenye frem zake. Akafikiri, akataka upana wa mita moja na nusu. Mimi nilichora tatu. Tumefungia mbili.