Mabuyu Yalikuwepo Kabla Hawajayaita Mapya

Tarehe 27 Juni 2008, Tume ya Ulaya kule Brussels iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama kiungo cha chakula katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kwenye karatasi zao uliingia kama "chakula kipya." Kipya, wasee! Yale mabuyu mekundu tunayonunua tukitoka shule, yanayokuacha na ulimi kama umelamba wino, yalipewa cheti cha kuzaliwa 2008.

Ngoja nieleze hiyo sheria, juu si ya kuchekwa tu. Inasema chakula ambacho hakikuwa kikiliwa sana Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997 lazima kikaguliwe usalama kwanza. Hapo sina kesi nao, kila mtu analinda watu wake. Shida ni vile hilo neno lilivyosafiri. Lilitoka kwa mawakili likaingia kwa watu wa matangazo, na ghafla ubuyu ukawa chakula cha ajabu "kilichogunduliwa" Afrika.

Kiligunduliwa na nani? Mwaka 1592, daktari Mwitaliano Prospero Alpini alichapisha kitabu kuhusu mimea ya Misri, na tunda la mbuyu alilolijulia Cairo limo ndani. Mbuyu si mti wa Cairo. Tunda lilifika pale likiwa bidhaa, kutoka kusini ambako watu walikuwa wanalijua kitambo. Toka kitabu hicho mpaka karatasi ya Brussels ni miaka 416. Kisha 1749, Mfaransa Michel Adanson akafika Senegal akiwa na miaka 22, rika langu kabisa. Akaueleza mti huu kwa kina, na mtaalamu Linnaeus akauita Adansonia digitata kwa heshima yake. Wenyeji waliomwonyesha mti, waliokuwa wanakula majani na tunda lake, hawamo kwenye hilo jina.

Sikumaliza chuo, lakini hata bila digrii unaona historia yetu imehifadhiwa mahali pengine: kwa lugha. Mti ni mbuyu, unga wa ndani ni ubuyu, na ganda likikauka ni buyu la kuchotea maji. Tuna methali yake, mbuyu ulianza kama mchicha. Jirani zetu Bongo wakisema mtu anamwaga ubuyu, wanamaanisha umbea. Lugha haizai maneno yote hayo kwa kitu cha jana.

Na kazi zake ni nyingi. Maganda ya shina yanatoa nyuzi za kusokota kamba, na Ukambani wamama walisuka nazo vyondo. Majani machanga ni mboga. Mbegu zinakamuliwa mafuta, na siku hizi watu wa vipodozi wanayatafuta sana. Lakini mwenye mchezo ni ubuyu wenyewe. Unajikaushia ndani ya ganda mti ukiwa umesimama, bila mashine, bila friji, na unakaa miezi bila kuoza. Kwa sehemu kame kama Kitui, Makueni, Taita Taveta na bara ya Kilifi, hicho ni chakula kinachokungoja ukame ukifika.

Sasa lishe. Ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa ukilinganisha gramu kwa gramu. Lakini tuwe wakweli: ubuyu ni mkavu na chungwa limejaa maji, halafu kipimo kinabadilika kutoka mti mmoja hadi mwingine. Pia una kalsiamu, potasiamu na nyuzinyuzi nyingi sana za kusaidia tumbo. Kitu ambacho wauza pipi hawakwambii ni kwamba vitamini C haipendi moto. Yale mabuyu mekundu yamepikwa kwa sukari na rangi, kwa hivyo ule ukijua unakula peremende. Ukitaka faida, tafuta ubuyu mweupe ambao haujapikwa. Loweka kwa maji, chuja, tengeneza juisi. Ama ukoroge kwa uji ukishaepua.

Kwa nini nakuambia haya yote? Juu 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa Kilifi, na mizizi yake, isafirishwe hadi bustani moja huko Georgia. Kelele zikapigwa, na Novemba mwaka huo Rais akaagiza wizara ya mazingira ichunguze kama Itifaki ya Nagoya imefuatwa. Hiyo ni mkataba unaosema jamii yenye mmea na ujuzi wake lazima ipate sehemu ya faida.

Mtandaoni wengi waliwatukana wenye mashamba waliouza. Mimi siwatukani. Kama tunda la mti wako linakuletea shilingi chache za gunia, na mtu anakuja na pesa ya kung'oa mti mzima leo, utafikiria mara mbili. Mti uliuzika juu tunda lilidharauliwa, na sisi tulio mjini ni sehemu ya soko lililolidharau. Tunalinunua likiwa limepakwa rangi ama likiwa limerudi na kibandiko cha ng'ambo kwa bei mara kumi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaipa serikali kazi ya kulinda ujuzi wa jamii kuhusu mimea yake. Sawa. Lakini ujuzi ambao hakuna anayeutumia, utalindwa aje?

Halafu kuna suala la muda. Mbuyu uliopandwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka kumi na kitu, hata ishirini na zaidi, kabla haujazaa. Mche mdogo ni chakula cha mbuzi, kwa hivyo lazima mtu aulinde. Na hakuna atakayelinda mche kwa miaka ishirini kama tunda lake halina bei.

Kwa hivyo ukipita sokoni, uliza ubuyu ambao haujapikwa, na uulize umetoka wapi. Kama una nyanya Kitui ama Kilifi, muulize walikuwa wanautumiaje wakati wa njaa, na urekodi kwa simu. Jina lake liwe kwenye hiyo video.