Mume na mke Wamarekani wanaofundisha Japani

Wamarekani wengi wanaofundisha Kiingereza nchini Japani huingia kupitia JET, mpango wa serikali ulioanza mwaka 1987. Kwa mume na mke, tunaona jambo zito si mshahara bali ni kituo cha kazi. Wakiomba wote wawili, wanaweza kutaja mahali wanapopenda, ila hawaahidiwi. Akichaguliwa mmoja tu, mwenzake huingia kwa viza ya mtegemezi. Akipata kibali, anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, basi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, nao huongezwa hadi miaka 5. Shuleni yeye ni msaidizi; darasa ni la mwalimu Mjapani. Nyumbani, hata takataka zina siku zake, na mfuko uliokosewa huachwa palepale majirani wakiuona.