Sola ya kukunjika kama mkeka: yaundwaje, na tuulize nini kabla ya kuinunua?

Maji ya Mto Tana yanapofika Kipini huwa yamekwisha kufanya kazi huko bara. Mpakani mwa Embu na majirani zake yamejengewa mabwawa matano ya kufua umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Hata hivyo, wapo wakaazi wa Mbeere kule Embu, na wa Tigania kule Meru, ambao taa na simu zao zategemea paneli ndogo ya sola juu ya mabati.

Paneli hizo ni za silikoni. Zadumu miaka mingi, lakini ni nzito, na kioo chake kikianguka hupasuka. Ndiyo maana watafiti wanashughulikia sola nyingine, nyembamba, ya kukunjika kama mkeka, iitwayo perovskaiti.

Jina hilo latokana na jiwe lililogunduliwa milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Katika sola halitumiki jiwe lenyewe, bali mchanganyiko wenye mpangilio kama wake, mara nyingi wa madini ya risasi na iodini. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waligeuza kwayo asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimevuka asilimia 25.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Huanzwa na karatasi ya plastiki angavu, iliyopakwa kitu cha kupitisha umeme. Kipako cha kawaida hupata nyufa kikikunjwa mara nyingi, kwa hivyo wengine hutumia vijiwaya vya fedha visivyoonekana kwa macho.

2. Juu yake hupakwa chembe za oksidi ya bati, zenye upana wa nanomita chache, ili zipokee elektroni. Oksidi ya titani, ndugu ya madini yaliyochimbwa Kwale, hufaa pia, lakini kwa kawaida huokwa kwa nyuzijoto 450 hivi, na plastiki haiwezi kuustahimili moto huo. Oksidi ya bati hukaushwa chini ya nyuzijoto 150.

3. Hufuata perovskaiti yenyewe. Hutandazwa ikiwa majimaji kama wino, kisha hukaushwa kwa nyuzijoto 100 hivi. Unene wake ni kama nanomita 500. Unywele wa binadamu waushinda zaidi ya mara 100.

4. Huongezwa tabaka la kupitisha chaji chanya, na juu kabisa kaboni au fedha ya kutoa umeme nje.

5. Mwisho, yote hufungwa kwa plastiki isiyopenya maji wala hewa.

Sola hii ina faida mbili kwa miteremko ya Mlima Kenya. Ni nyepesi, haielemei paa dhaifu, na hufanya kazi vyema hata mwanga ukiwa hafifu, kama ule wa ukungu wa Julai.

Lakini unyevu ni adui yake mkubwa. Maji yakipenya, perovskaiti huharibika. Ikiwa Mbeere pakavu yahitaji kufungwa vizuri, sembuse Lamu na Mombasa kwenye joto na hewa ya chumvi!

La pili ni risasi. Katika mita moja mraba haifiki gramu moja, lakini iko katika hali inayoyeyuka majini. Wenzetu wa bara hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, nasi tuna majabia yetu. Karatasi ikichanika juu ya paa hilo, sumu yaweza kuingia katika maji ya kunywa. Madhara ya risasi hatuhadithiwi: wakaazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, walikwenda mahakamani kwa ajili ya sumu hiyo, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, siku sola hii itakapoletwa sokoni, iwe Embu, Meru au Kongowea, usiulize bei pekee. Uliza imedhaminiwa miaka mingapi katika hewa yenye unyevu, ina risasi au haina, na ikifa nani ataichukua. Muuzaji asiyekuwa na jibu la swali la tatu, mwache na mkeka wake.